Redio ya upepo ndani ya gemu: mikwaruzo tele, uhalisia kiduchu

Vijana wengi wa Tanga wanaoigiza maisha ya bandarini mtandaoni, huyu nahodha, yule askari wa doria, huyu karani wa gati, wakitaka kusikika kama wako kwenye redio ya upepo huanza kwa kumwaga mikwaruzo. Hapo ndipo uhalisia unapopotelea. Hizi hapa dhana wanazozirudia, kila moja na jibu lake.

"Redio hukwaruza muda wote." La hasha. Redio za VHF (masafa ya juu sana) za baharini hutumia FM, njia mojawapo ya kubebesha sauti kwenye mawimbi, na mawimbi yakifika na nguvu ya kutosha mkwaruzo hunyamaza, sauti ikabaki kavu na safi. Boti iliyo jirani na gati isikike bila kelele. Ile iliyo mbali kuelekea Pemba, inayokaribia kupotea, ndiyo ianze kuchanika maneno. Redio hutambulika kwa wembamba wa sauti: besi iliyo chini ya hezi 300 hivi na trebo iliyo juu ya hezi 3,000 hivi hukatwa. Anza na vichujio hivyo viwili. Ongeza kompresa, ili anayenong'ona na anayepiga kelele wakaribiane, kisha kwaruza sauti yenyewe kidogo, kidogo mno. Mtu akiachia kitufe, weka ule mfoko mfupi wa "kshh" wa skwelchi, kile kinachonyamazisha redio pasipo na mawimbi, inapofunga. Mfoko usiofika nusu sekunde humshawishi msikilizaji kuliko dakika nzima ya mvumo. Ule mlio wa "bip" kila baada ya usemi uachie redio za bei chee. Kwenye VHF ya meli si kawaida.

"Weka tu athari ya sauti ya redio kwenye maiki yako." Ukifanya hivyo utasikika kiredio hata unapomnong'oneza mtu mliyesimama naye mtaani Ngamiani. Athari ikae upande wa msikilizaji, iwake pale tu usemi unapopitia chaneli ya redio. Kwenye FiveM, jukwaa la seva za kuigiza ndani ya GTA V, programu-jalizi ya sauti iitwayo pma-voice inaweza kazi hiyo, ila sauti ipite kwenye mfumo wa gemu lenyewe, angalia mpangilio wa `voice_useNativeAudio`. Anayeng'ang'ania njia ya maiki kupitia Discord, programu ya kuongea mtandaoni, akumbuke kwamba kipunguza kelele chake hakijui mkwaruzo upi umewekwa kwa makusudi. Kitaufuta, na pengine kiondoke na silabi mbili tatu.

"Maiki ya studio ndiyo siri." Masafa mengi unayoyalipia yatakatwa na kichujio. Hedifoni za kawaida zatosha, mradi maiki isisogeesogee mdomoni.

"Tukiongea wote tutasikilizana." Redio hizi ni za zamu: ukibonyeza, husikii. Wawili wakibonyeza pamoja kwenye FM, mwenye mawimbi yenye nguvu zaidi humfunika mwenzake. Kwenye redio za ndege, zinazotumia AM, njia nyingine ya kubebesha sauti, hutokea mluzi juu ya sauti zilizogongana. Seva inayochanganya sauti zote zikasikika sawia imejenga baraza la kahawa. Binafsi, nikipewa nafasi ya kurekebisha jambo moja tu, ningeanza na hili kabla ya kichujio chochote.

"Bila leseni ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano Tanzania, utashikwa." Sauti ya gemu husafiri kwa intaneti, hakuna masafa ya redio unayoyarushia.

"Chaneli 16 ni ya soga." Baharini chaneli hiyo, megahezi 156.8, ni ya dharura na ya kuitana. Nahodha wa gemu aite bandari hapo, ajibiwe, kisha wote wawili wahamie chaneli nyingine kuzungumzia mzigo.