Kuhamia Zanzibar ukitokea Dodoma: yanayosemwa na hali yenyewe

Kila ikifika Juni, Dodoma upepo na baridi vimeshaanza kuchapa, vijana wanatumiana picha za fukwe za Nungwi na Paje na ile kauli inarudi, "mi nahamia Zenji, huku nafanya nini". Simkatazi mtu kuhama, nimefanya kazi kule na napapenda mpaka leo, ila wengi wanaenda kwa maneno ya kuambiwa halafu wanarudi wameuza mpaka kitanda, na hilo linaniuma kweli.

Kubwa kuliko yote wanayoambiwa ni kwamba kazi za hoteli zipo mwaka mzima. Hapana jamani. Utalii kule ni wa msimu, wageni wanajaa Juni mpaka Oktoba hivi, halafu tena Desemba mpaka Februari, ila masika ikishuka, Machi mpaka Mei, fukwe zinapoa na Aprili na Mei kuna hoteli zinafunga kabisa, wanapaka rangi na kubadilisha makuti, na we mwenye mkataba wa msimu unaambiwa tutakupigia. Nendeni Paje mwezi wa tano mjionee, maduka ya vinyago yamefunikwa maturubai, boda wamelala juu ya pikipiki toka asubuhi, walio bizi ni kina mama wa mwani tu, maji yakitoka wanaingia na kamba zao. Na mwenye nyumba yeye hana msimu, kodi ni ile ile na wengine wanaitaka ya miezi sita kwa mkupuo. Kwa hiyo ukiambiwa mtu kapata mshahara na tipu kadhaa mwezi wa nane, usizidishe mara 12, piga hesabu ya miezi minane au tisa ndo uone kama unatoboa. Hapo sijagusa 2020, korona ilipoingia ndege zikasimama na watu wakarudi makwao mikono mitupu.

Ya pili ni kiwanja, hii nayo inaumiza watu. Mtu anauza kiwanja chake Nzuguni hapa Dodoma, anasema mi Mtanzania, nitanunua kingine kule kule. Kuishi na kufanya kazi ni haki yako, pasipoti huhitaji, na ile bima ya safari ya lazima iliyoanza Oktoba 2024 ni ya wageni kutoka nje ya nchi, haikuhusu. Ila ardhi ni habari nyingine, Zanzibar ina sheria yake ya ardhi ya 1992, ardhi yote ni ya umma na haki ya kuitumia anapewa Mzanzibari, na kuwa na namba ya NIDA (ya kitambulisho cha taifa) hakukufanyi kuwa Mzanzibari. Dalali akikuletea karatasi iliyoandikwa kwa mkono eti ya kiwanja cha ufukweni, usitoe hata shilingi, nenda kwa sheha (huyo ndo kama mwenyekiti wako wa mtaa) halafu Kamisheni ya Ardhi.

Eti kisiwani chakula ni bei chee. Samaki na muhogo sawa, lakini vitunguu na viazi mviringo vingi vinavuka bahari kutoka huku bara, mchele nao mwingi unatoka nje ya kisiwa, na ukanda wa mashariki ambako hoteli zimejaa ardhi yake ni mawe matupu, kulima ni shida, kwa hiyo bei za soko la Majengo hapa Dodoma zisahau.

Umeme pia watu wanadhani haukatiki sababu ya watalii. Wa Unguja unatoka bara kwa kebo ya chini ya bahari, ilipoharibika Desemba 2009 kisiwa kilikaa kama miezi mitatu gizani. Tangu kebo kubwa ifungwe 2013 ni afadhali sana.

Mwisho, wanasema kuna treni ya SGR sasa mpaka Dar, boti kama saa mbili, nitakuwa narudi nyumbani kila wikiendi. Wikiendi ipi? Hoteli nyingi unapata ofu siku moja kwa wiki, na Jumamosi na Jumapili ndo wageni wamejaa. Usiku ukipigiwa simu mzazi kazidiwa Kondoa au Mpwapwa, boti imeshaondoka, unasubiri asubuhi ndo uanze safari, kwa hiyo kama wewe ndo unayetegemewa nyumbani kaeni mkubaliane nani atabaki karibu na wazee kabla hujalipa hiyo kodi ya miezi sita.