Jina la mume sio sharti la ndoa, tuelewane

Msimu wa harusi ukipita hapa Dar, dirishani kwetu wanakuja wadada na cheti cha ndoa mkononi wanauliza "nimechelewa kubadili jina, faini shingapi?" Hamna faini jamani. Sheria ya Ndoa ya 1971 haijamlazimisha mke kuchukua jina la mume. Unataka chukua, hutaki baki na la baba yako.

Kinachonichosha ni wanaosema ni maumbile, eti mwanamke akizaa lazima abebe jina la mwanaume. Saikolojia ya mageuzi, yaani elimu inayoeleza tabia za watu kwa jinsi binadamu alivyobadilika tangu kale, haisemi hivyo. Inasema mama anajua mtoto ni wake maana kamzaa mwenyewe, baba hana uhakika huo, so jamii nyingi zikatafuta namna ya kumtuliza. Mwaka 1982 wanasaikolojia Martin Daly na Margo Wilson walichapisha utafiti kuhusu vichanga, wakakuta mama ndo anakazana kusema "kafanana na baba yake". Jina la ukoo unaweza kulisoma hivyohivyo, kama namna ya kumtuliza baba, lakini hayo ni maelezo ya kwa nini watu wanalipenda, sio amri. Na ingekuwa maumbile, Wazaramo wenye mji huu na Waluguru wa Morogoro wasingehesabu ukoo kwa mama, wala wanawake wa pwani wasingebaki binti fulani mpaka kaburini. Mbagala nani anamwita mwanamke kwa jina la mume? Akizaa ni Mama Zuhura, basi.

Sasa ukiamua kubadili, badili kweli. Cheti cha ndoa hakiendi chenyewe kurekebisha kumbukumbu zako, unaandaa hati ya kubadili jina kwa wakili, inasajiliwa kwa Msajili wa Hati, unaanza NIDA, wale wa vitambulisho vya taifa, maana wengine wote wanakusoma kutoka huko, ndo uende Uhamiaji, TRA ya kodi, benki, mpaka laini ya simu. Usiache nusu nusu, kiwanja jina la zamani, akaunti jina jipya, siku ya mirathi unahangaika na viapo kuthibitisha ni mtu yuleyule. Na kiapo cha uongo ni kosa la jinai, aliyesaini anashtakiwa, na mume aliyemtuma naye anaweza kushtakiwa.

Mtoto akizaliwa msajili ndani ya siku 90, na pale kwa mama andika jina lililoko kwenye kitambulisho chako leo, sio unalotegemea kulichukua mwakani.