Je, Wajua Kwa Nini Chura Mpya Hathibitiki Siku Anayokamatwa?

Msafiri atokaye Dodoma kwenda Morogoro, akifika Gairo, huiona milima ya Ukaguru upande wake wa kulia. Misitu ya kule juu ina vyura wasiopatikana penginepo duniani.

Kwa miaka mingi niliamini kwamba mtaalamu huingia msituni, humwona chura mwenye rangi ngeni, humpa jina, na kazi huishia hapo. Sivyo hata kidogo. Rangi hudanganya: chura mmoja anaweza kupauka mchana na kukolea usiku, na katika spishi nyingi dume na jike hawafanani. Hata mlio, ambao watafiti huutegemea sana, una mipaka yake. Mwaka 2019 alipatikana Ukaguru chura mdogo ambaye madume wake hawalii kabisa, bali wana vijiba kooni; inadhaniwa, ingawa haijathibitishwa, kwamba jike humtambua dume wake kwa kuvipapasa. Jina lake, *Hyperolius ukaguruensis*, lilichapishwa mwaka 2023. Miaka minne hiyo ilikwenda wapi?

Ilikwenda kwenye kulinganisha. Kila jina la spishi hufungamanishwa na kielelezo rejea, ambacho kwa vyura huwa ni mnyama aliyehifadhiwa makumbusho ndani ya chupa ya spiriti, kikaratasi chenye namba kikiwa kimefungwa mguuni kwa uzi. Wakazi wa Dodoma, wanaoijua migogoro ya viwanja, wamfikirie huyo kuwa ni bikoni, yaani alama ya mpaka wa kiwanja. Majirani wakigombania mpaka, mpima haulizi nani ana kumbukumbu nzuri. Huirudia bikoni na kuanza kupima kutoka hapo. Ikidhihirika kwamba eneo lililodhaniwa kuwa kiwanja kimoja ni viwanja kadhaa, hati ya zamani hubaki na kile chenye bikoni, na vingine hupimwa upya na kupewa namba zake.

Ndivyo ilivyokuwa kwa *Nectophrynoides viviparus*, chura wa Tanzania aliyepewa jina mwaka 1905, ambaye huzaa vichura kamili visivyopitia hatua ya kiluwiluwi nje ya mwili wa mama. Watafiti walipima maumbo na kusoma vinasaba vya vielelezo, vikiwemo vya zamani sana, na mwaka 2025 wakatangaza kwamba ndani ya jina hilo moja zilijificha spishi tatu nyingine. Tofauti hiyo ina uzito, kwa kuwa spishi isiyo na jina ni vigumu kuitathmini kwa ajili ya Orodha Nyekundu, yaani orodha ya kimataifa inayoonyesha spishi zilizo hatarini kutoweka, hata kama msitu wake unakatwa leo.

Waliompata chura asiyelia wa Ukaguru walikuwa wakimtafuta mwingine, *Churamiti maridadi*, aliyeelezwa mwaka 2002 kwa vielelezo viwili tu, na ambaye jina lake zima limetokana na maneno yetu wenyewe. Hawakumpata. Hata hivyo, kutoonekana kwa mnyama mdogo aishiye mitini, katika msitu wenye ukungu, si ushahidi tosha kwamba ametoweka.