Kitabu cha maarifa cha mtoto anayeanza kusoma ni kitu gani hasa

Watu wengi ukiwatajia kitabu cha mtoto wanawaza hadithi moja kwa moja, sungura kamzidi fisi akili, basi. Kumbe kuna hivi vingine, vitabu vya maarifa, yaani kitabu kinachoeleza kitu cha kweli, nyuki, mvua, meno, bila kisa cha kubuni. Nyuki akianza kuongea na amevaa kofia hiyo ni hadithi tayari, hata kama ndani kuna ukweli kidogo. Sasa kikiwa cha mtoto ambaye ndo kwanza anaunganisha silabi kinaandikwa kirahisi kwa makusudi: sentensi moja au mbili kila ukurasa, maandishi makubwa, nafasi ya kutosha kati ya maneno, na picha.

Picha hapo ina kazi kubwa. Chukua ukurasa ulioandikwa "Buibui ana miguu minane". Mtoto anasoma bu-i-bu-i, anafika "mi-na-ne" anasita, anaweka kidole kwenye picha anahesabu moja, mbili, mpaka nane, halafu analirudia neno kwa sauti ya uhakika kabisa. Ndo maana kitabu chenye buibui wa miguu sita mimi nakirudisha kwenye rafu hapohapo, kimemdanganya mtoto na kimemnyima njia ya kujisahihisha. Ila ukiona anakisia neno kwa kuangalia picha tu, ziba picha kwa mkono asome silabi kwanza. Ukurasa unaofuata, "Nyuki ana miguu sita". Sentensi ileile, limebadilika jina na idadi, na safari hii anateleza nayo. Sisi watu wazima kurudiarudia kunatuchosha, yeye ndo kunamjenga.

Wazo lenyewe la zamani sana. Mwaka 1658 mwalimu Comenius alichapisha huko Nuremberg kitabu cha picha cha watoto kuhusu vitu vya duniani, kila kitu kwenye mchoro kina namba na namba hiyohiyo iko kwenye maandishi, sawa na mishale na majina tunayoyaona pembeni ya michoro leo. Lakini mwaka 2000 mtafiti Nell Duke alitoa utafiti wa madarasa 20 ya darasa la kwanza Marekani, akakuta maandishi ya maarifa yanapata wastani wa dakika 3.6 tu kwa siku. Namba hiyo inaniuma kila nikiikumbuka, maana wapo watoto ambao hadithi haziwavutii kabisa, ukiwapa kitabu cha papa hawakiachi, na sisi tunasema hawapendi kusoma.

Kitu kingine, vingi vina yaliyomo mwanzoni na maana za maneno magumu mwishoni, kwa hiyo havidai kusomwa kuanzia ukurasa wa kwanza. Mtoto akitaka meno ya papa tu, anatafuta "Meno" kwenye yaliyomo, anaenda ukurasa wa 6, anasoma, anafunga. Hapo amesoma, usimrudishe mwanzo.