Kwa nini ukikimbia kulizunguka Ziwa Naivasha ni vigumu kuliona ziwa lenyewe?

Kwenye ramani mambo ni rahisi mno. Ziwa liko katikati, mji wa Naivasha uko kaskazini-mashariki, na barabara mbili, Moi South Lake na Moi North Lake, zinalizunguka. Mkimbiaji aliyekuja kutoka Nairobi kwa mapumziko ya wikendi hujiambia: kesho alfajiri nitashika barabara ya kusini, na maji yatakuwa mkono wangu wa kulia mwendo wote.

Kesho yake anavipita vituo vya Karagita, DCK na Kamere, na alichokiona ni seng'enge, malango ya hoteli, migunga ya gome la njano na mapaa ya plastiki ya mashamba ya maua. Ziwa limejitokeza mara mbili tatu tu, kwa mbali, nyuma ya lango la mtu. Limekwenda wapi?

Kwanza, ziwa hili halikai mahali pamoja. Maji yake mengi huletwa na mto Malewa kutoka milima ya Nyandarua, na mto Gilgil kutoka kaskazini, na hakuna mto hata mmoja unaotoka. Yanayoondoka huondoka kwa kugeuka mvuke juani au kwa kupenya chini ya ardhi. Njia hiyo ya chini ndiyo huondoa chumvi, na ndiyo sababu Naivasha ni ziwa la maji baridi ilhali majirani zake Elmenteita, Nakuru na Magadi ni ya magadi. Lakini mvua ya Nyandarua ikizidi, ziwa halina mlango wa kuimwaga ziada. Ndani ya miaka mia moja na ushei, usawa wa maji umepanda na kushuka kwa zaidi ya mita 10.

Sasa ongeza kwamba ziwa lenyewe ni la kina kifupi, mita chache tu katika sehemu kubwa, na fukwe zake zimelala. Ni maji kwenye sinia: ukiongeza kikombe kimoja hayapandi sana, ila yanatambaa mbali. Mwanzoni mwa 2010, baada ya ukame, maji yalikuwa yamerudi nyuma na kuacha matope makavu. Mwaka 2020 yaliingia katika nyumba za mtaa wa Kihoto na watu wakahama. Mhandisi mwenye akili hawezi kuweka lami kwenye ukingo unaohamahama hivyo. Aliirudisha nyuma kwenye ardhi ya juu, na mkimbiaji akarudishwa nayo.

Pili, kipande kilichobaki kati ya lami na maji kina wenyewe. Tangu zama za walowezi, ufuo huu uligawanywa kuwa mashamba ya watu binafsi, na wenye ardhi ya ufuoni waliunda chama chao mapema katika karne iliyopita. Biashara ya maua ikaja mwishoni mwa miaka ya 1960 na kampuni ya Kidenmarki iliyopanda krisanthemu; herufi za kituo cha DCK ni masalio ya jina lake. Leo mashamba ya waridi yamepangana na hoteli na kambi za watalii, na kila mmoja ana ua wake. Njia za umma za kushukia majini zipo, lakini ni chache na fupi, na aghalabu zina shughuli za samaki na boti. Si mahali pa kukimbilia. Mimi naona hili ndilo jibu zito zaidi kuliko yote, maana maji yanaweza kurudi lakini seng'enge hairudi nyuma.

Tatu, hata ukiruhusiwa kupita, kuna mafunjo na kuna kiboko. Mafunjo huota marefu kuliko mtu na kuziba macho. Kiboko naye hushinda majini mchana, jua likizama hutoka kula nyasi, na hurudi karibu na mapambazuko. Hatari kubwa ni kusimama kati yake na maji anapotaka kurudi. Kwa hiyo saa kumi na moja alfajiri, ambayo kwa wakimbiaji wengi wa Kenya ni saa nzuri, kando ya ziwa hili ni saa mbaya. Wenyeji husubiri kupambazuke kabisa.

Ukichelewa mno nako, upepo. Asubuhi ziwa huwa limetulia. Jua likipanda, nchi kavu hupata joto upesi kuliko maji, hewa iliyo juu yake hupaa, na hewa baridi ya ziwani huvuta kuja kujaza pengo. Changanya na pepo zinazoteremka kingo za Bonde la Ufa na utapata alasiri yenye mawimbi na vumbi, na magugumaji yaliyosukumwa yote upande mmoja. Anayeanza saa moja asubuhi na kumaliza kabla ya saa nne ameshinda vyote viwili, kiboko na upepo. Kwenye barabara yenyewe saa hiyo ana mabasi ya wafanyakazi wa maua na bodaboda, basi akimbie akiyatazama magari, asiyape mgongo.

Basi mandhari iko wapi? Ukweli ni kwamba lazima ulipe kiingilio, na pengine upande mlima.

Hell's Gate ndipo ningempeleka mtu kwanza. Ni hifadhi ya taifa tangu 1984, ina kilomita za mraba 68 hivi, na ni miongoni mwa hifadhi chache za Kenya unakoruhusiwa kuingia kwa miguu au kwa baiskeli bila gari. Ukiingia lango la Elsa unakutana na njia pana ya vumbi katikati ya majabali mekundu yaliyosimama wima pande zote mbili, na pundamilia, twiga, swala na ngiri wanakuangalia ukipita. Nyati wapo pia. Ukiwaona, wazungukie kwa mbali. Karibu na lango umesimama mnara wa mwamba wa mita 25 hivi unaoitwa kwa jina la Gustav Fischer, Mjerumani aliyerudishwa nyuma na Wamaasai hapa mwaka 1883.

Kinachonifurahisha ni jinsi njia hiyo ilivyopatikana. Miaka elfu kadhaa iliyopita, mvua zilipokuwa nyingi kuliko sasa, Ziwa Naivasha lilikuwa kubwa na la juu sana, na lilifurika kuelekea kusini kupitia papa hapa. Yale maji ndiyo yaliyochonga korongo la Ol Njorowa. Kwa maneno mengine, huoni ziwa ukiwa Hell's Gate, lakini unakimbia katika mlango wake wa zamani. Miguu nayo inajua: kwenda korongoni, kilomita saba au nane, unateremka polepole bila kutambua, na kurudi langoni unapanda ukijiuliza nguvu zimepotelea wapi. Korongo lenyewe si la kukimbia. Mvua ikinyesha mbali juu, mafuriko hulijaza ghafla hata kama juu ya kichwa chako kuna jua; mwaka 2019 yaliua watu waliokuwa wakitembea humo. Geuza kwenye kituo cha askari wa wanyamapori.

Anayetaka maji karibu kabisa aende Crescent Island. Kisiwa hiki ni ukingo wa kreta ya volkano iliyozama, na maji yaliyo ndani ya mkono wake ndiyo yenye kina kirefu kuliko sehemu nyingine zote za ziwa. Ni hifadhi ya binafsi, haina simba, na unatembea kati ya nyumbu, kuro na twiga huku ziwa likiwa pande zote. Wakati wa ukame huwa rasi na unaingia kwa miguu, maji yakipanda unaingia kwa boti. Mzunguko wake ni mfupi, unafaa siku ya kulegeza misuli.

Lakini picha nzima ya ziwa, na mashamba yake na mafunjo yake, iko juu ya mlima Longonot. Kutoka langoni hadi kwenye ukingo wa kreta ni kilomita 3.1 za kupanda, na kuuzunguka ukingo wote ni kilomita 7.2, ukipitia kilele cha mita 2,776. Mkono mmoja una kreta iliyojaa msitu, mwingine una Naivasha yote. Ziwa lenyewe tu liko kama mita 1,890 juu ya bahari, ambako mgandamizo wa hewa ni takriban asilimia 80 ya ule wa pwani, kwa hiyo mtu wa Mombasa asishangae akitembea palipo na mwinuko. Hata wakimbiaji hodari hutembea pale. Ardhi ni majivu ya volkano, vumbi lile lile linaloyazamisha magari ya Safari Rally, na mvua imelichimba mitaro inayovunja vifundo vya miguu wakati wa kushuka. Vaa viatu vyenye meno, na beba maji ya kutosha kutoka langoni, kwa sababu huko juu hakuna mto wala duka.