Kati yenu wote, nani ananitibu?

Kila Jumanne asubuhi tunapita raundi kuu katika wodi ya magonjwa ya ndani. Huwa tuko kundi zima: daktari bingwa, madaktari wanaosomea ubingwa, wale wa mafunzo kwa vitendo, wanafunzi wa mwaka wa nne, muuguzi wa zamu, na siku nyingine mfamasia. Jumanne moja tulifika kwenye kitanda cha bibi mmoja aliyelazwa kwa sababu moyo wake ulikuwa unashindwa kusukuma damu vizuri, miguu imevimba hadi magotini. Alituhesabu kwa kidole, mmoja mmoja, akafika kumi na mbili. Kisha akanigeukia mimi mwenye mvi.

“Haya, daktari. Kati yenu wote, anayenitibu ni nani?”

Wanafunzi wakacheka. Swali lakini lilikuwa la haki, na sikuweza kulijibu kwa neno moja.

Hospitali ya kufundishia ina kazi tatu: kutibu, kufundisha na kutafiti. Kwenye ramani ya eneo letu kila kazi ina jengo lake, wodi huku, madarasa kule, maabara nyuma. Kitandani mwa mgonjwa hakuna kuta hizo. Daktari anayekuandikia dawa ndiye huyo huyo anayemsahihisha mwanafunzi, na mchana anaweza kurudi na fomu ya utafiti mkononi. Kwa hiyo unapoguswa, unapotolewa damu, unapoulizwa jambo, una haki ya kujua hilo linafanyika kwa ajili ya kazi ipi.

Tuanze na swali la bibi. Mwenye dhamana ni daktari bingwa. Uamuzi mkubwa ni wake, na ukienda vibaya, anayeulizwa ni yeye. Unayemwona kila siku, na anayeamshwa saa nane za usiku, ni yule anayesomea ubingwa. Huyo ni daktari kamili, anaongeza ujuzi tu. Wa mafunzo kwa vitendo amehitimu chuo lakini bado anafanya kazi chini ya uangalizi. Mwanafunzi haamui chochote: anauliza, anapima, anaandika, na alichoandika hakifanyiwi kazi mpaka aliye juu yake akipitie.

Najua malalamiko. Mgonjwa anaulizwa maswali yale yale mara nne kwa siku moja, na watu wanne. Sitatetea yote, maana mengine ni mpangilio wetu mbovu tu. Ila bibi yule alipolazwa, mimi nilikaa naye dakika kumi, mwanafunzi akakaa naye saa nzima, kwa kuwa yeye ndiye pekee kati yetu mwenye saa nzima ya kukaa. Katika mazungumzo yao bibi akataja, kama kwa bahati, kwamba alikuwa akimeza vidonge vya maumivu ya magoti kila siku. Vilikuwa vya jamii ya diklofenaki. Dawa hizo huufanya mwili ushikilie chumvi na maji, na moyo ambao tayari ni dhaifu unazidiwa. Sisi wakubwa tulikuwa tumeuliza kama anatumia dawa yoyote, naye akajibu hapana: kwake, vidonge vya magoti havikuwa dawa ya kumtajia daktari wa moyo.

Kwamba mwanafunzi ajifunzie kitandani si jambo la tangu enzi. Katika karne ya 19 wapo waliohitimu udaktari nchini Marekani kwa kusikiliza mihadhara tu, karibu bila kumgusa mgonjwa. Hospitali ya Johns Hopkins ilifunguliwa mjini Baltimore mwaka 1889, na shule yake ya udaktari mwaka 1893. William Osler, mkuu wa tiba pale, akawaingiza wanafunzi wodini na kuwapa wagonjwa wa kuwafuatilia. Mwaka 1910 Abraham Flexner, mtaalamu wa elimu, alichapisha ripoti iliyokagua shule 155 za udaktari za Marekani na Kanada, akaichukua ile ya Baltimore kama kipimo. Shule nyingi dhaifu zilifungwa baadaye.

Na kwa nini hospitali hizi huwa mijini? Kwa sababu ya wingi wa watu. Ugonjwa unaompata mtu mmoja katika elfu hamsini, daktari wa mji mdogo anaweza kustaafu bila kuuona. Mjini, pamoja na wagonjwa wa rufaa, wanaougua hutosha kufungua kliniki ya siku moja kwa wiki, na anayewaona kila wiki huwa stadi. Ndiyo sababu hiyo hiyo pia inayofanya foleni ziwe ndefu. Kuna upande wa aibu pia: kwa muda mrefu waliotumika kufundishia walikuwa maskini wa mjini, waliotibiwa bure wakalipa kwa miili yao.

Kisa cha Vienna, mji mkuu wa Austria, ndicho ninachopenda kuwasimulia wanafunzi wapya, maana mle zimo kazi zote tatu, pamoja na ubaya wake. Hospitali kuu ya mji huo ilikuwa na wodi mbili za uzazi. Ya kwanza ilifundisha wanafunzi wa udaktari, ya pili wakunga. Wanawake walipokelewa kwa zamu, siku hii wodi hii, kesho ile, kwa hiyo hawakutofautiana sana. Lakini katika miaka ya 1840 homa ya uzazi iliua karibu wanawake 10 katika kila 100 kwenye wodi ya wanafunzi wa udaktari, na kama 4 tu kwa wakunga. Wajawazito walijua. Walipiga magoti wakiomba wasipelekwe ya kwanza.

Ignaz Semmelweis, daktari msaidizi pale, alianza kuondoa sababu moja baada ya nyingine: si msongamano, si hewa, si namna mama anavyolala. Machi 1847 rafiki yake Jakob Kolletschka alikatwa kidole na kisu cha mwanafunzi wakati wa kupasua maiti, akafa kwa ugonjwa uliofanana kabisa na ule wa akina mama waliojifungua. Hapo Semmelweis akaelewa. Wanafunzi walitoka chumba cha maiti wakaenda moja kwa moja kuwapima wajawazito, na mikono ile ile. Wakunga hawakupasua maiti. Katikati ya Mei akaagiza kila anayeingia wodini anawe kwa maji ya klorini. Aprili vifo vilikuwa kama 18 katika kila 100. Juni vikashuka hadi kama 2.

Mafundisho ndiyo yaliyokuwa yakiua, na utafiti ndio uliolifichua hilo, ndani ya wodi ile ile. Wakubwa wengi walimkatalia, kwa kuwa kukubali kulimaanisha kukiri kwamba mikono yao wenyewe ndiyo ilileta kifo.

Je, leo kulazwa kati ya wanafunzi ni hatari? Utafiti uliochapishwa mwaka 2017, uliopitia zaidi ya kulazwa milioni 21 kwa wazee nchini Marekani, ulikuta vifo ndani ya siku 30 ni asilimia 8.3 katika hospitali kubwa za kufundishia, na 9.5 katika zisizofundisha, baada ya kurekebisha tofauti za wagonjwa. Hesabu hiyo haithibitishi kwamba wanafunzi ndio wanaookoa watu, maana hospitali kubwa zina vifaa na mabingwa wengi pia. Inatosha kupunguza hofu.

Utafiti unahitaji uangalifu zaidi kuliko mafundisho. Daktari anapokutibu, anachagua kinachokufaa wewe. Anapofanya majaribio ya dawa, mara nyingi wagonjwa hugawanywa kwa bahati nasibu: kundi moja hupewa dawa mpya, jingine ya zamani, au kidonge kisicho na dawa pale ambapo hakuna tiba inayojulikana. Huenda wewe wala daktari wako hamjui umeangukia kundi lipi. Huko si kukuhadaa, ilimradi uliambiwa kabla, ukaelewa, ukakubali.

Wapo ambao hawakuambiwa. Mwaka 1951, katika hospitali ile ile ya Baltimore, chembe hai za uvimbe wa saratani ya mlango wa kizazi za Henrietta Lacks zilichukuliwa kwa utafiti bila ridhaa yake. Alifariki mwaka huo huo. Chembe zake zinaendelea kuzaliana maabara za dunia nzima hadi leo, na familia yake ilikaa zaidi ya miaka ishirini bila kujua. Azimio la Helsinki, lililotolewa na Chama cha Madaktari Duniani mwaka 1964, liliweka wazi misingi ya ridhaa, na siku hizi utafiti wa binadamu hupitiwa kwanza na kamati ya maadili.

Ukiletewa fomu, usisaini kwa haraka ya kumridhisha daktari. Muulize: nisiposhiriki nitatibiwaje? Damu yangu itahifadhiwa wapi, na kwa muda gani? Nikitaka kujitoa katikati, nimwambie nani? Jibu la swali la kwanza lazima liwe kwamba utatibiwa kama kawaida. Likiwa tofauti, omba kuongea na kamati ya maadili. Namba yake huandikwa kwenye fomu. Kabla ya upasuaji uliza nani atashika kisu na nani atamsimamia. Na mwanafunzi akitaka kukupima, unaweza kukataa bila kutoa sababu.

Bibi yule alikataa. Siku mbili hakutaka kuguswa na mwanafunzi yeyote, nasi tukamwacha. Siku ya tatu uvimbe wa miguu ulikuwa umepungua, na yule kijana aliyeibua habari ya vidonge akasimama mlangoni, akaomba tena kumsikiliza moyo.

“Haya, njoo mjukuu wangu,” alisema. “Ila kanawe kwanza. Na hicho chuma chako kipashe moto, usinipe baridi kifuani.”