Moyo wa mjamzito mwenye ugonjwa wa misuli wa kurithi: dhana na ukweli

"Duchenne ni ugonjwa wa wavulana, mama yao ni mzima." Dhana hii kuhusu Duchenne, ugonjwa wa kurithi unaodhoofisha misuli, ndiyo inayoniuma zaidi. Mara nyingi mama ndiye aliyempitishia mtoto jeni yenye hitilafu, iliyo kwenye kromosomu ya X. X yake ya pili humkinga, ila si kikamilifu. Anaweza kupanda ngazi hadi ghorofa ya nne pale mtaa wa Pipeline, Nairobi, na mtungi wa maji mkononi, huku misuli ya moyo ikidhoofika bila yeye kujua. Akishika mimba, damu mwilini huongezeka kwa asilimia 40 hadi 50, na moyo huo huo ndio wa kuisukuma.

"Kuvimba miguu na kuhema ni mimba tu." Mara nyingi ni kweli, na ndiyo maana wengi huchelewa. Lakini dada anayelala ameegemea mito mitatu, anayeshtuka usiku akitafuta hewa, anayezirai au kusikia moyo ukienda mbio ametulia, asingoje tarehe ya kliniki. Aende hospitali siku hiyo hiyo.

"Presha yangu iko sawa, basi moyo uko sawa." Presha haionyeshi nguvu ya moyo. Mwambie nesi, hata asipouliza: "Kwetu kuna ugonjwa wa misuli." Omba rufaa, iwe Hospitali ya Kenyatta au penginepo penye daktari wa moyo, upimwe eko na umeme wa moyo (ECG). Eko ni ultrasaundi ya moyo, haimdhuru mtoto. Vipimo vyote viwili vinahitajika, kwa sababu kuna magonjwa ya misuli ambayo huvuruga umeme wa moyo ilhali eko inaonekana safi.

"Dawa za moyo ziachwe zote." Enalapril na losartan humdhuru mtoto tumboni, hivyo hubadilishwa. Zipo nyingine zinazoendelea. Daktari ndiye aamue, na mapema.

"Lazima upasuliwe." Si lazima, wengi huzaa kwa njia ya kawaida. Upasuaji ukihitajika, daktari wa nusukaputi ajue habari ya misuli kabla, maana baadhi ya dawa zake ni hatari kwa wagonjwa hawa.

"Ukishajifungua umevuka." La. Siku za kwanza maji ya mwilini hurudi kwenye mishipa ya damu na kuuelemea moyo, na moyo unaweza kushindwa hata miezi kadhaa baadaye, wakati wageni wameshaacha kuleta uji na macho yote yako kwa mtoto. Kabla ya kutoka wadini, uliza tarehe ya kurudia eko, uandikiwe kwenye kijitabu cha mama na mtoto.